Gusa Udongo Kwanza: Maswali Yenu Kuhusu Mimea ya Ndani

Barua nyingi za safari hii zinaanza vilevile: "Majani yanageuka manjano, nifanye nini?" Swali hilo lenyewe halijibiki. Jani huwa manjano kwa maji mengi, kwa maji machache, kwa mwanga hafifu, kwa uhaba wa nitrojeni, kwa wadudu, na wakati mwingine kwa uzee tu, hasa likiwa la chini kabisa. Ukituandikia, tueleze mambo manne: udongo ukoje ukichomeka kidole sentimita 4 hadi 5, chungu kina tundu chini au hakina, kiko umbali gani na dirisha, na yanayougua ni majani ya chini au machipukizi. Ukishayapata majibu hayo, huenda usihitaji tena kutuandikia.

Habari za kazi. Nina mmea wenye majani marefu ya kijani iliyokoza na ua jeupe lililosimama kama jani nyuma ya kijiti chenye punjepunje. Sasa umelala wote, vikonyo vimetapakaa kwenye ukingo wa chungu. Naumwagilia kila asubuhi, na nikikuta umelala naongeza maji jioni. Mbona unazidi kulala? – Mama Maua

Mama Maua, huo ni Spathiphyllum, na kwa maelezo yako hauna kiu. Umezama.

Mmea huu unawachanganya wengi kwa sababu hulala kwa namna moja katika hali mbili zilizo kinyume. Wenye kiu hulala huku chungu kikiwa chepesi na udongo umejitenga na kingo. Ukiupa maji, husimama tena baada ya saa chache. Uliooza mizizi hulala huku udongo umelowa na chungu ni kizito, na maji hayauamshi. Jani halikwambii ni ipi kati ya hali hizo mbili. Kidole ndicho kinachokwambia.

Kinachotokea chini ni hiki. Mizizi hupumua, na hewa yake imo katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya punje za udongo. Ukimwagilia kila siku, nafasi hizo hujaa maji na hazipati muda wa kukauka. Oksijeni hupenya kwenye maji polepole mno kuliko kwenye hewa, kwa hiyo mizizi hukosa pumzi na kufa, kisha vimelea vya uozo kama Pythium huingia kumalizia kazi. Mzizi uliokufa haunyonyi maji, ndiyo maana jani hunyauka juu ya udongo uliojaa maji. Mwenye mmea akiona umenyauka huongeza maji, na hapo ndipo anapoumaliza.

Usisubiri wiki ijayo. Laza chungu ubavu, gonga kingo zake kwa kiganja, shika mmea pale unapoingia udongoni kisha vuta chungu, si mmea. Kung'uta udongo na suuza mizizi kwa maji ya uvuguvugu. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa, na ukiuminya haubonyei. Uliooza ni wa kahawia na unateleza. Ukiuvuta kwa vidole viwili, ganda lake huvuka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Harufu yake nayo haijifichi.

Pangusa makali ya mkasi kwa spiriti ya asilimia 70, kisha kata kila kilichooza hadi ufike penye uzima. Ikiwa umepoteza karibu nusu ya mizizi, punguza na theluthi moja ya majani ukianza na ya nje yaliyozeeka, maana mizizi iliyobaki haina uwezo wa kuyanywesha yote. Chungu kiwe cha kutosha mizizi hiyo na nafasi ya sentimita 2 kuizunguka, basi. Watu huuhurumia mmea mgonjwa kwa kuupa chungu kikubwa, na hilo ni kosa: udongo mwingi usio na mizizi hushika maji ambayo hakuna wa kuyanywa, na uozo hurudi.

Udongo wa bustani uache bustanini. Changanya sehemu 2 za vumbi la makumbi ya nazi au mboji iliyochekechwa, sehemu 1 ya perlaiti au pumisi (vijiwe vyepesi vya volkano) yenye punje za milimita 3 hadi 6, na nusu sehemu ya vipande vidogo vya magome ya mti. Panda kwa kina kilekile cha awali, mwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha usiguse tena mpaka sentimita 3 za juu zikauke. Mbolea usiweke kwa wiki 6. Chumvi zake huiunguza mizizi inayojikarabati. Uweke penye mwanga mzuri ambapo jua haliupigi moja kwa moja.

Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Angalia katikati: chipukizi jipya likichomoza, mizizi imeshika. Lakini ukikuta kile kitovu vinapokutana vikonyo kimelainika na kubonyea, usijihangaishe; hakuna cha kuokoa.

Neno moja kuhusu changarawe, kwa kuwa wengi mmeiuliza. Kuitandaza chini ya chungu hakusaidii kutoa maji. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe; hukaa juu ya mpaka ule, kama yanavyobaki sehemu ya chini ya sifongo iliyolowa hata baada ya kuacha kudondosha. Changarawe hulipandisha tu eneo hilo la maji karibu zaidi na mizizi. Kinachotoa maji ni tundu, na udongo wenye punje kubwa kuanzia juu hadi chini.

Nimepewa tawi la mmea unaotambaa, majani yake yana umbo la moyo. Aliyenipa anauita pothosi, mwenzangu anasema ni filodendroni. Nani mkweli, na je, kuna haja ya kujua? – Msomaji wa siku nyingi

Haja ipo, ila si kubwa kama wanavyodai wauzaji. Pothosi (Epipremnum aureum) na filodendroni ya majani ya moyo (Philodendron hederaceum) ni wa ukoo mmoja na hunyweshwa kwa utaratibu mmoja: subiri sentimita 3 hadi 5 za juu zikauke, kisha mwagilia hadi maji yatoke chini. Tofauti utaiona kwenye mwanga. Pothosi yenye mabaka ya manjano ikikaa kivulini, majani mapya hutoka na kijani kingi na mabaka machache; filodendroni ya kijani tupu huvumilia kivuli bila kubadilika sana.

Usitazame umbo la jani kwanza, maana kwenye mimea michanga yanafanana kupita kiasi. Tazama jani jipya linavyozaliwa. Kwenye pothosi, jani changa hujikunjua kutoka kwenye mfereji wa kikonyo cha jani lililolitangulia, bila kufungwa na kitu. Kwenye filodendroni, jani changa huja limefungwa ndani ya kiwamba chembamba, mara nyingi cha kijani mpauko au chenye wekundu kidogo. Likishafunguka, kiwamba hubaki kimening'inia kwenye kifundo, hukauka kikawa kama karatasi ya kahawia, kisha hudondoka. Ukiona vikaratasi hivyo shinani, kesi imekwisha.

Ukitaka ushahidi wa pili, pitisha ukucha juu ya kikonyo. Cha pothosi kina mfereji unaosikika wazi. Cha filodendroni kiko mviringo zaidi. Jani la pothosi ni nene, linang'aa kama limepakwa nta, na uso wake una mawimbi madogo. La filodendroni ni jembamba na laini, na sehemu ya juu ya moyo imeingia ndani zaidi.

Kuhusu kuliotesha tawi lako: kata sentimita 1 chini ya kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, ambapo utaona pia kinundu cha kahawia cha mzizi. Ondoa jani la chini, chovya kifundo kimoja au viwili kwenye maji, badilisha maji kila wiki. Mizizi ikifika sentimita 3 hadi 5, hamishia udongoni. Ukiiacha ikarefuka sana majini, inapata shida kuzoea udongo. Jani na kikonyo chake pekee, bila kifundo, vinaweza kutoa mizizi vikakaa hai miezi mingi, lakini havitatoa shina kamwe.

Nilikata jani la sansevieria yenye kingo za manjano nikalipanda. Baada ya miezi limetoa mtoto, lakini mtoto ni wa kijani kitupu! Nimeuziwa mmea bandia? – Asiyeelewa

Hukuuziwa bandia. Kingo za manjano hazimo katika mmea mzima. Ni tabaka la seli zisizo na klorofili lililopo kandokando ya jani tu. Mtoto wa kipande cha jani huanzia kwenye seli chache za ndani, ambazo ni za kijani, na ndiyo rangi anayotoka nayo. Atabaki hivyo.

Ukitaka kingo za manjano, gawa tunguu. Toa mmea, tafuta tunguu nene lenye rangi ya chungwa iliyopauka linalounganisha mama na mtoto, likate kwa kisu safi ukihakikisha kila upande una mizizi yake. Acha kidonda kikauke siku 2 au 3 kabla ya kupanda. Kwa wanaopanda vipande vya majani ya kijani: kata vya sentimita 7 hadi 10, weka alama upande wa chini, maana kipande kikipandwa kichwa chini hakitoi mizizi, na uwe na subira ya miezi.

Ukikutana na mmea huo kwenye vitabu vipya kwa jina la Dracaena trifasciata, usishangae. Ndiyo sansevieria yuleyule, amehamishiwa jenasi nyingine baada ya uchunguzi wa vinasaba.

Vijinzi vyeusi vidogo vinaruka kila ninaposogeza chungu. Nimepulizia dawa ya mbu, siku ya tatu vimerudi. – Aliyechoka

Dawa ya mbu iache. Unaua wanaoruka, na hao wamebakiza siku chache tu za kuishi. Kizazi kinachofuata kimo udongoni. Jike hutaga kwenye udongo wenye unyevu, na mabuu hukaa sentimita 2 hadi 3 za juu yakila kuvu na mboji inayooza, na yakizidi, hata vijizizi vichanga. Kutoka yai hadi mdudu mzima ni kama wiki 3 hadi 4, hupungua kidogo kukiwa na joto.

Kwa hiyo pambano ni la mwezi mmoja mzima. Acha sentimita 3 za juu zikauke kabisa kila kabla ya kumwagilia, au mwagilia kutoka chini: weka chungu kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita 3 kwa dakika 20 hadi 30, kisha kitoe kichuruzike. Chomeka karatasi za manjano zenye gundi, zikiwa karibu kabisa na udongo. Zinanasa majike kabla hawajataga, na idadi yao hukuonyesha kama unashinda. Wakiwa wengi, tafuta kiuatilifu chenye Bacillus thuringiensis wa aina ya israelensis, kichanganye kwenye maji ya kumwagilia kama lebo inavyosema, na urudie kila wiki hadi mwezi uishe. Bakteria huyo huua mabuu tu na haudhuru mmea.

Vijinzi hivi ni taarifa ya bure, nayo ni kwamba unamwagilia mno. Ukiviua bila kubadili ratiba ya maji, utatuandikia tena.

Majani ya mmea wangu mwembamba wenye mistari meupe, ule unaoning'iniza watoto hewani, yamekauka ncha. Nanyunyizia maji kila siku kuongeza unyevu. – D.

Ni Chlorophytum comosum. Kunyunyizia acha, unyevu huo hupotea baada ya dakika chache. Inayoshukiwa zaidi ni chumvi: ya mbolea iliyolundikana, au floridi iliyomo kwenye maji ya bomba, ambayo mmea huu hauivumilii. Kulaza maji usiku kucha huondoa klorini, lakini floridi haiondoki, na kuyachemsha huizidisha kwa kuwa maji hupungua na yenyewe hubaki. Tumia maji ya mvua kama yapo. Kila baada ya miezi 2 au 3 osha udongo: pitisha polepole maji safi yenye ujazo mara 3 au 4 ya chungu, yatoke yote chini. Mbolea weka nusu ya kipimo cha kwenye lebo. Ncha zilizokauka zikate kwa mshazari ukibakiza ukingo mwembamba wa kahawia. Ukikata kwenye kijani, kidonda kipya nacho hukauka.

Kuna vitu kama pamba kwenye makwapa ya majani, na meza chini inanata. Ni ugonjwa wa kuvu? – Mwenye wasiwasi

Si kuvu, ni vidungata. Kule kunata ni mkojo wao wa sukari. Usipoufuta, ukungu mweusi huota juu yake. Kwanza kabisa tenga chungu hicho na vingine, angalau mita 2. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse kila mdudu hadi ageuke rangi ya kahawia. Chunguza chini ya majani, ndani ya mikunjo, na chini ya ukingo wa chungu. Hapo ndipo wanapojificha.

Halafu changanya mililita 5 za sabuni ya maji isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha katika lita 1 ya maji, jaribu kwenye jani moja, subiri siku nzima, na kama halikuungua, nyunyizia mmea wote jioni. Sabuni huua kwa kumgusa mdudu tu, haibaki na nguvu ikikauka, kwa hiyo rudia kila siku 7 kwa mara 4. Wengi huacha baada ya mara ya kwanza kwa kuwa weupe umetoweka, mayai hayajatoweka. Majani yenye manyoya, kama ya Saintpaulia, usiyanyunyizie, tumia kijiti peke yake.

Wapo waliotuelezea vitu hivyohivyo lakini vikiwa vitone vya kahawia vigumu visivyosogea. Hao ni vidugamba. Wakwangue kwa ukucha kwanza, maana ganda lao huzuia sabuni. Na kama unaona utando mwembamba na jani lina vidoadoa vya manjano kama limechomwa sindano, ni utitiri mwekundu. Kwa huyo, suuza majani bafuni juu na chini kwa maji yenye nguvu, ndipo upulizie sabuni.

Je, ni kweli mimea ya ndani husafisha hewa ya chumba? – Mwanafunzi

Habari hiyo inatokana na utafiti wa NASA wa mwaka 1989, ambao mimea iliwekwa ndani ya visanduku vidogo vilivyofungwa. Chumba chako hakijafungwa hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikokotoa kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili kulingana na kazi inayofanywa na hewa inayopita yenyewe kwenye jengo. Fungua dirisha, na mmea upende kwa sababu nyingine.

Mtoto wangu ana miezi 11 na tuna paka. Niondoe mimea ipi? – Baba wa wawili

Nyanyua juu kabisa, au ugawe, Dieffenbachia (ile ya majani mapana yenye mabaka meupe), pothosi, filodendroni, Spathiphyllum na Zamioculcas (ile ya vijani vinene vinavyong'aa). Zote zina fuwele za kalsiamu okzaleti, ambazo huchoma mdomo na ulimi papo hapo. Dieffenbachia ndiyo kali kuliko nyingine. Mtoto akitafuna, toa mabaki mdomoni, futa kwa kitambaa chenye maji baridi, mpe maji au maziwa anywe kidogokidogo, usimtapishe. Akivimba ulimi, akishindwa kumeza au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali mara moja, ukichukua na jani lenyewe.

Kwa paka kuna hatari kubwa zaidi, nayo ni yungiyungi halisi, jenasi ya Lilium, linaloletwa nyumbani kwenye mashada. Sehemu zake zote, hata chavua, huharibu figo za paka na kumuua. Usiliingize ndani kabisa, na kama paka ameligusa, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja dalili. Ambayo unaweza kuyaacha bila wasiwasi ni Chlorophytum, Saintpaulia na Peperomia.

Zamioculcas wangu yuko kwenye korido isiyo na dirisha. Hajafa, lakini hajatoa tawi jipya mwaka mzima. Nimpe mbolea? – K.

Usimpe. Anaishi kwa akiba iliyomo kwenye viazi vyake vya chini ya udongo, na mbolea bila mwanga huishia kuwa chumvi kwenye chungu. Msogeze hadi mita 1 au 2 kutoka dirishani. Ukitaka kujua kama mahali panafaa, saa sita mchana shika kiganja sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe: kivuli chenye kingo zinazoonekana vizuri ni mwanga wa kutosha, kivuli kilichofifia ni mwanga wa kuvumilia, na kama hakuna kivuli, hapamfai mmea wowote. Akiwa bado koridoni, mwagilia udongo ukiwa umekauka hadi chini. Chomeka kijiti cha mbao mpaka sakafu ya chungu, kikitoka kikavu ndipo umpe maji. Matawi mapya yakishaanza kutoka mahali papya, hapo ndipo uanze nusu kipimo cha mbolea, mara moja kila wiki 6 hadi 8.